Siku Fifi Aliponisainia P.O.

Naona haya hata kuanza, lakini nusu ya Wakongomani wa Brussels wameshausikia mkasa huu, na nusu nyingine wameutia chumvi, kwa hiyo bora niueleze mimi mwenyewe, nikiwa bado nakumbuka ni upi ulio wa kweli.

Mimi ni wakala wa nyumba, natafutia watu nyumba za kununua na za kupanga, na kibali ninacho. Kukipata si mchezo. Nilisoma jioni miaka mitatu huku mchana nasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini Jette, halafu mwaka mzima wa stage, yaani mazoezi ya kazi, kwa patronne mmoja, bosi mwanamke wa komini ya Uccle, aliyenipimisha kila chumba cha chini ya ardhi cha komini ile, halafu mtihani wa mdomo mbele ya watu watatu ambao sijui kama waliwahi kucheka maishani. Aliyenisukuma ni tonton Gaspard, mdogo wake marehemu mama, ndiye aliyenipokea nilipotoka Likasi, kule Kongo. Tonton alikuwa akipiga simu kuulizia nyumba, wenye nyumba wakisikia jina lake la kikwetu tu, nyumba imeshachukuliwa asubuhi ile ile. Akaniambia: "Mado, kamata ile karatasi. Siku moja muntu wetu apige simu, na ni weye uitike." Nikaikamata.

Lakini karatasi ile haikai yenyewe. Kila mwaka lazima ukae darasani masaa kadhaa, usaini, la sivyo unaitwa kujieleza, na ukizidi kukosa wanakufuta kwenye orodha, unarudi kwenye vitanda vyako. Mwaka ule nilikuwa nimeahirisha mpaka Desemba (najua, najua). Lilibaki somo moja tu, siku nzima ya Jumamosi, kwenye hoteli moja ya Uccle. Nikajiandikisha. Jumatano tonton akafa, na mazishi yakapangwa Jumamosi.

Ningeweza kuandika barua ya kuomba udhuru, nakubali. Lakini nilikuwa nimechoka, nyumbani kwa marehemu watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, mjane maman Régine ameniomba niseme neno kaburini kwa niaba ya familia, na kichwa kikichoka hutoa ushauri mbaya. Nikampigia mdogo wangu Fifi, anayehudumia wazee na hajui lolote la nyumba.

"Fifi, samedi uende Uccle, unikalie nafasi."

"Bon, yaya," akaitika, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Nitakaa."

Basi, maneno ni hayo tu. Kwetu hilo halina ubaya. Usipoweza kufika kwenye ndoa au kwenye kilio, unatuma mtu, anasimama, anataja jina lako, na wewe unahesabiwa umefika. Miaka ishirini Ulaya, na haikunijia kabisa kwamba darasa si kilio.

Jumamosi asubuhi tuko kwenye sali, ukumbi wa parokia, Laeken, tunasubiri misa. Mimi ndiye niliyepewa muziki, simu yangu imeunganishwa na lile baffle, spika kubwa ya kwaya, zinapita nyimbo alizozipenda tonton, watu wanalia taratibu. Ghafla wimbo ukakatika na simu ikaita humo humo kwenye baffle. Ni Fifi. Nikadhani amepotea njia, nikapokea, na sauti yake ikajaza sali yote.

"Yaya, huyu monsieur wa masomo anataka kukuongelesha. Nimeweka haut-parleur, bote banasikia."

Hapo ndipo nilipojua yaliyotokea. Mwalimu alikuwa amewaomba wanafunzi wajitambulishe mmoja mmoja, na Fifi, mtoto wa watu mwenye adabu zake, alisimama, akafunga koti, akasema: "Mimi ni Fifi, namuwakilisha yaya yangu Mado, ako kwa kilio, anabasalimia bote." Na kwenye karatasi ya mahudhurio alisaini jina langu, mbele yake akaandika P.O., par ordre, yaani kwa amri ya mwenyewe, kama wanavyosaini makatibu wote wa Likasi mkubwa wao akiwa safarini. Hakudanganya hata neno moja. Afadhali angedanganya.

Mwalimu akaongea kwa Kifaransa chake cha upole, na upole huo ndio ulioniua zaidi. "Madame, pole kwa msiba. Lakini kumtuma mtu asaini mahali pako ni udanganyifu, na nalazimika kuandika ripoti. Leo, kama unavyojua, somo letu ni maadili ya wakala."

Kule Uccle nikasikia watu wanakohoa ili wasicheke. Huku Laeken hakuna aliyekohoa. Kwenye mstari wa mbele alikuwa papa Kalenga, aliyekuwa ameniahidi nimuuzie nyumba yake ya Jette. Akanigeukia polepole, akauliza:

"Mado, amesema udanganyifu, ao nasikia mubaya?"

Mimi natafuta pa kuzima baffle sipaoni (waya zote nyeusi, machozi nayo), na badala ya kusema nitaandika barua Jumatatu, nikasema mbele ya sali mbili kwa pamoja: "Nakuja sasa hivi." Nilimnong'oneza maman Régine kwamba nitarudi kabla ya kaburi.

Asiyejua kutoka Laeken mpaka Uccle Jumamosi, mwisho mmoja wa mji hadi mwingine, tramu mbili na kazi za barabarani katikati, asijaribu kujifunza siku ya msiba. Nilifika wanatoka kula. Mwalimu akanionyesha karatasi: aliyekosa asubuhi hahesabiwi. Fifi alikuwa kiti cha pili, daftari limejaa maandishi. "Yaya, haya mambo ni ya muzuri sana," akasema. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa nguvu.

Tukarudi pamoja. Tulipofika makaburini watu walikuwa wanapanda magari.

Mshika mawili moja humponyoka, wanasema. Mimi yaliniponyoka yote mawili. Nilipewa onyo la maandishi na masaa nikayarudia Januari, kwa hiyo kibali ninacho bado. Papa Kalenga aliuza nyumba yake kwa wakala mwingine. Na hata leo nikiingia kwenye sherehe yoyote kuna atakayeuliza: "Uko weye mwenyewe, ao uko P.O.?" Nacheka nao, nifanye nini.

Lakini kuna moja ambalo silicheki. Maman Régine alinisimulia siku ya arobaini, bila hasira, akimenya viazi. Kaburini waliita jina langu mara tatu niseme neno la familia. Watu wakageuka kutazama nyuma. Ile ndiyo sehemu pekee siku ile ambapo mtu angeweza kusimama kwa niaba yangu na isiwe kosa, na mtu huyo nilikuwa nimemtuma Uccle.

Tangu hapo simtumi mtu. Naenda mwenyewe, hata nikichelewa.