Nilivyoshika Dishi Kule Ahero

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, sketi juu, suruali ndani, kwa sababu sikujua ofisi ya mafundi inataka mwanamke wa aina gani. Msimamizi wa Mafundi, mzee mfupi aliyekaa na penseli sikioni siku zote, alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Hapa tunauza nini?"

"Televisheni ya kulipia."

"Hapana. Tunauza anasa. Hakuna mtu amewahi kufa kwa kukosa chaneli. Kwa hivyo mteja akikupigia simu akilia, usikimbie. Hii si ambulensi. Ukikimbia utaanguka kutoka kwa ngazi, na hayo ndiyo yatakuwa matanga ya kweli."

Niliyashika maneno hayo. Katika miaka yangu zaidi ya ishirini ya kufunga madishi Kisumu na ufuoni mwa ziwa, nilimkimbilia mteja mara moja tu. Ilikuwa Ahero, Jumapili, na mama mmoja mjane alikuwa amebakiza mechi moja peke yake ya kumwona mwanawe akicheza.  Lakini siwezi kuanzia hapo. Nyinyi vijana mnaotazama kila kitu kwenye simu lazima kwanza mjue kazi yenyewe ilivyokuwa.

Dishi ni bakuli la bati linalokusanya mawimbi kutoka kwenye setilaiti na kuyaelekeza kwenye jicho, kile kichwa kidogo kinachokaa mbele yake. Jicho linayateremsha kwa waya hadi kwenye dekoda, na dekoda ndiyo inayokufungulia picha, mradi umelipia. Sasa sisi watu wa Kisumu tuna ajabu yetu. Setilaiti tuliyoitumia inakaa karibu juu ya utosi wetu kabisa. Nimeambiwa kuna nchi ambako dishi linatazama mbele kama mtu aliyeketi barazani. Letu linatazama mbinguni, limelala kama sinia. Likikosea digrii mbili, picha inakatika vipande vipande, halafu inapotea. Ndiyo maana fundi alitembea na kipima mawimbi, kidude cha kiganjani kinacholia pi, pi, pi, na kadiri unavyokaribia setilaiti ndivyo kinavyolia haraka, mpaka mlio unakuwa mmoja mrefu. Mlio huo niliupenda kuliko wimbo wowote.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mjini, na mjini nilipanda kila mahali. Hapo pana jambo la kueleza. Kwetu Wajaluo mwanamke hapandi paa la nyumba. Ni mwiko, na balaa lake humwangukia mwenye boma, si aliyepanda. Lakini nyumba za ghorofa zina paa la zege, bapa, watu wanaanika nguo huko. Wazee wa ofisini walikaa wakalijadili, nasema kweli, na Msimamizi akatoa hukumu: "Hilo si paa. Hilo ni sakafu iliyokosa nyumba juu yake." Basi nikapanda.

Juu ya sakafu moja kama hiyo nilimfungia dishi bibi mmoja wa Kihindi, mama wa mwenye duka la vitambaa. Alikuwa hasemi Kiswahili, hasemi Kiingereza, na wajukuu walikuwa wameanza kusahau lugha yake. Nilipoipata chaneli yao na mwanamke akaanza kuimba bhajani, nyimbo zao za ibada, bibi alisogea akaweka kiganja kwenye skrini, akabaki hivyo. Nilitoka pale na mfuko wa chevda, vitafunio vyao vya kukaanga, macho yamelowa. Nikamwendea Msimamizi mbio mbio.

"Mzee, hiyo nayo ni anasa?"

Akachonga penseli yake kwanza. "Ni anasa inayopendeza."

Hakushindika yule mzee!

Kisha Meneja wa Tawi akanihamishia Luanda Kotieno, kule kwenye kivuko cha kwenda Mbita. Huko hakukuwa na zege, ni mabati matupu, na mabati ni paa, hakuna hukumu ya kuligeuza. Nikabuni njia yangu. Badala ya kupanda, nilichimba shimo uani, nikasimamisha bomba la chuma, nikalimiminia saruji, na dishi nikalifunga juu ya bomba, usawa wa kifua changu. Ardhi ya kule ni mawe. Bomba likishika, limeshika. Nilijiona mhandisi.

Siku moja mwenyekiti wa ufuo, mteja wetu mkubwa, alilalamika kwamba picha yake imekufa. Nilifika, na harufu ikanipokea langoni. Dishi lilikuwa limejaa omena, wamepangwa vizuri, wakikauka.

"Mama," nikamuuliza mke wake, "nani ameanika samaki hapa?"

"Mimi. Si ni sinia? Linatazama jua siku nzima, na kuku hawafiki."

"Na televisheni je?"

"Televisheni ni ya mzee. Omena ni ya nyumba."

Nilicheka mpaka nikakalia ndoo. Jibu hilo nililipeleka kwa Msimamizi, naye akaliandika kwa penseli ukutani, juu ya meza yake, likakaa hapo hadi alipostaafu.

Sasa Ahero. Huo ndio uliokuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Mteja aliitwa Mama Ochola. Kwa wasiojua, Ochola ni jina tunalompa mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa ameshazikwa. Mama huyu alimlea mwanawe peke yake kwa kibarua cha mashamba ya mpunga, na alichukia mpira kuliko nyoka. Alimchapa kijana kwa ajili ya mpira. Hakwenda kumtazama hata siku moja, si shuleni, si uwanjani. Kijana akacheza tu, akachukuliwa na timu ya ng'ambo, nchi ya baridi, akacheza huko miaka na miaka. Sasa alikuwa amezeeka kimpira. Alikuwa ametangaza mechi yake ya mwisho, na mechi hiyo ingeonyeshwa kwenye chaneli ya kulipia peke yake.

"Si kuna baa hapo stendi, wanaonyesha," nilimwambia nilipokwenda kumfungia.

"Mimi ni wa kanisa, Nyar Kisian." Ndivyo walivyoniita wateja, binti wa Kisian. "Na hii goti haifiki huko. Nataka nimwone kwangu, nikiwa nimeketi. Nilimnyima macho yangu akiwa mtoto. Nimebakisha hii moja tu."

Nikachimba shimo uani, nikasimamisha bomba, kama nilivyofanya Luanda Kotieno. Msimamizi alikuwa amenionya zamani kwamba udongo wa Kano, ile tambarare ya Ahero, hauaminiki. Ni ule mweusi, jua likiwaka unapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono, mvua ikinyesha unavimba kama unga wa mandazi. Lakini wakati nachimba ulikuwa mgumu kama tofali, na mimi nilikuwa fundi mkongwe, nani wa kuniambia? Picha ilitoka safi. Nikaondoka nikipiga mluzi.

Mvua ilianza wiki mbili baadaye. Jumapili ya mechi, saa nane mchana, nikiwa nyumbani bado na nguo za kanisa, simu ikalia.

"Nyar Kisian, TV inasema haina signal. Wuololo! Mtoto wangu anacheza saa kumi!"

Hii si ambulensi, niliambiwa. Nilikimbia! Nilikimbia na kipima shingoni na viatu vya kanisa mkononi hadi barabarani, nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva asiguse breki mpaka aone mpunga.

Bomba lilikuwa limeinama kama mlevi. Udongo ulivimba ukalisukuma pamoja na saruji yake yote. Nikalinyoosha, likarudi. Nikaliegemeza kwa gogo, gogo likazama. Nikaweka mawe, mawe yakazama. Ndani ya nyumba wanakwaya wenzake mama walikuwa wameshaketi, na yeye mwenyewe alikuwa mlangoni na mkongojo wake. Saa kumi ilikuwa imebakiza dakika kumi.

"Panda paa," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Panda tu, lifunge huko juu. Mungu atanisamehe."

Shemeji yake, mzee wa boma, mwanamume pekee aliyekuwapo na ambaye miguu yake haikuweza tena ngazi, alishtuka. "Akipanda, hiyo nyumba utalala wewe. Sisi hatutaingia tena."

Ngazi ilikuwa pale, ukutani. Nikaishika. Nimepanda ngazi nyingi maishani, na hakuna niliyoitamani kama hiyo. Lakini mimi jioni ningerudi kwangu. Yeye angebaki na nyumba ambayo ndugu za mumewe hawaingii, kwa sababu ya kosa langu la kuudharau udongo. Nikaiachia.

"Mama, ingia ndani uketi," nikamwambia. "Picha itakuja."

Nikakumbatia lile bomba kwa bega, nikaliinua dishi kwa mikono miwili, kipima kikiwa kimening'inia shingoni. Pi. Pi. Pi, pi, pi. Nikasogeza kidogo, nikapumua, nikasogeza tena. Mlio ukawa mmoja. Ndani ya nyumba watu wakapiga kelele: "Imekuja! Usitoke hapo!"

Sikutoka. Shemeji alikuja kunipokea, maana alikuwa mtu mwema, akashika dakika moja, kelele ndani zikageuka matusi ya kikanisa, akanirudishia haraka. Mikono yangu ndiyo iliyojua. Basi nikasimama matopeni kipindi cha kwanza chote, sketi ya kanisa imelowa hadi magotini, nikitazama mawingu. Ochola aliwekwa akiba, nikasikia wakilalamika. Kipindi cha pili kikaanza. Mabega yakawaka moto, kisha yakafa ganzi. Nikawa nazungumza na dishi kama mtu anavyozungumza na ng'ombe mkaidi.

Ochola akaingizwa, nikawasikia wakipiga makofi. Halafu sauti ya Mama Ochola, peke yake: "Odhi! Odhi, nyathina! Anaenda, mtoto wangu!" Halafu nyumba nzima ikalipuka, vigelegele, viti, mtu akaanzisha wimbo. Mimi huku nje nililia na kucheka pamoja, na sikuthubutu kufuta pua, kwa sababu digrii mbili zingemwondoa mwanawe mbele ya macho yake.

Mechi ilipoisha alitoka mwenyewe, mkongojo ukizama kila hatua, akaja hadi pale bombani.

"Umemwona?"

"Sijaona kitu, Mama. Nimeona mawingu."

"Anakimbia kama baba yake." Akanishika mkono uliokuwa hauna hisia. "Ule mkono wa kushoto, anaukunja hapa kifuani. Baba yake alikimbia hivyo hivyo. Hawajawahi kuonana hao wawili, Nyar Kisian. Nani alimfundisha?"

Nikaliachia bomba. Tulisimama hapo matopeni, tukilia kama watoto.

Kesho yake tulikwenda na fundi mwanamume, akapanda, dishi likafungwa paani inavyotakiwa. Kosa langu nililiandika kwenye ripoti bila kulipaka rangi, na Meneja wa Tawi akanisomea kwa sauti mbele ya wote, nikavumilia.

Nilistaafu miezi michache baadaye. Kulikuwa na keki, hotuba, na dekoda mpya ya zawadi. Msimamizi wangu wa zamani alikuja na mkongojo, penseli bado sikioni, akaniuliza mbele ya watu, "Haya, niambie sasa. Ni lazima au ni anasa?" Nilimwambia ukweli wangu. Nimefunga madishi ambayo watu waliyanunua ili jirani ayaone, na mengine yalifungiwa watu waliokuwa na njaa ya sura moja tu au sauti moja tu. Ukiwa nje na spana huwezi kujua lipi ni lipi. Kwa hivyo unafunga yote kana kwamba kuna mama ndani. Akaguna. Nadhani alikubali, ingawa yeye angekwambia hakukubali.

Kisha Mama Ochola akanipigia. "Njoo Jumapili."

"Dishi limeharibika tena?"

"We njoo tu."

Nikaenda na spana na kipima changu, mazoea hayaachi. Udongo ulikuwa umekauka. Ndani ya nyumba televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pamewekwa Biblia.

"Niliacha kulipia," akasema bila aibu. "Nilikuwa nataka kuona mtu, na nilimwona."

Mlangoni akasimama mwanamume mrefu, mvi kidevuni, amevaa suti. Alikuwa amerudi nyumbani kabisa.

"Ochola," mama akamwambia, "huyu ndiye alishika dishi. Alisimama nje mechi yote, hakukuona hata kidogo. Kimbia aone."

"Mama, nimevaa viatu vya kanisa."

"Vua."

Akavua. Akakunja suruali, akaenda hadi mwisho wa ua, akageuka, na akakimbia, jitu zima, kuku wakitawanyika huku na huku, kutoka migombani hadi lile shimo la bomba langu na kurudi. Na mkono wa kushoto, bila yeye kujua, ulikunjwa kifuani.

"Umeona huo mkono?" mama akaniuliza.

"Nimeuona, Mama."

"Basi umemwona mzee wangu."

Ochola alikuwa amesimama akihema, viatu mkononi, akitutazama kwa zamu bila kuelewa kwa nini sisi wanawake wawili tunalia.

"Rudia," nikamwambia.