Viganja vya Bi Amina na praima mbili za Emiliana

Saa nne asubuhi, Soko la Majengo, Dodoma. Munira Abdulwahab anachagua vitunguu, na kila anayepita anageuka kumtazama mara ya pili.

Uso wake umegawanywa. Upande wa kulia una mekapu, upande wa kushoto una mekapu, na katikati, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, umeachwa mstari mtupu wa ngozi, mwembamba kama kidole.

"Dada, fundi kakukimbia au hela imeishia njiani?" anauliza muuza vitunguu.

"Niko kwenye majaribio," Munira anajibu. "Nipimie kilo mbili na uache umbeya."

Nyuma yake, amebeba mwavuli ambao hataki kuufungua, anatembea Emiliana Chidawali, mpambaji wa maharusi. Macho yake hayaachi mashavu ya Munira, utadhani ameinjika maziwa jikoni. Munira anaposogea kivulini, Emiliana anamvuta mkono kumrudisha juani.

"Kivulini hatuolewi," anamwambia. "Twende kwa wauza nyanya, kule kuna vumbi zuri."

Vumbi zuri! Mwandishi wa makala haya amekaa Dodoma miaka mingi, amekula vumbi lake kwa kila mlo, na hajawahi kumsikia mtu akilisifia. Lakini kwa Emiliana, jua, upepo na vumbi ndio wasahihishaji wa mtihani. Bibi harusi asiyekubali kuzunguka mjini na uso wa namna hiyo, yeye hampambi. Atafute mwingine.

Kinachopimwa ni praima, ile losheni inayotangulia kupakwa kabla ya faundesheni na poda ili mekapu ishike. Upande wa kulia wa uso wa Munira una praima iliyotoka Dubai, zawadi ya shangazi yake, Bi Zaitun. Bei yake ni shilingi laki moja na themanini elfu, na imekaa kwenye kichupa ambacho mtu angeweza kukifanya pambo la sebuleni. Upande wa kushoto una praima ya shilingi elfu nane, iliyonunuliwa hapo hapo mjini, kwenye duka linalouza pia dawa za mende.

"Ile ya Dubai ni laini jamani," anasema Munira huku akilipia vitunguu. "Ukipaka unajisikia umeshaolewa tayari. Hii nyingine inanata, mwanzoni nilidhani kanipaka gundi."

Emiliana hakujifunza mambo haya chuoni wala kwenye simu. Alijifunza kwenye kuta. Baba yake, mzee Yoramu Chidawali wa Miyuji, ni fundi rangi, na nyumba zilipoanza kuota Dodoma kila upande, kazi zilimzidi. Binti yake alipomaliza kidato cha nne bila matokeo ya kujivunia, alimkabidhi brashi na ndoo.

"Baba hakuwa anaamini kopo," Emiliana anasimulia. "Tajiri anakuja na rangi yake ya bei, anasema paka hii. Baba anapaka kipande upande wa jua, anapaka kipande upande wa kivuli, pembeni yake anaweka ile ya bei ndogo. Halafu anamwambia tajiri, bosi, nenda nyumbani, ukuta utatuambia wenyewe."

Siku moja binamu yake alikuwa anaolewa na mpambaji hakutokea. Mikono iliyozoea kuta ikaambiwa ijaribu uso. Emiliana anakiri kwamba aliogopa, kwa sababu ukuta haujawahi kumwangalia machoni. Harusi ikapita salama, wageni wakauliza ni nani kapamba, na brashi kubwa akamrudishia baba.

Leo anapokea kati ya laki moja na laki moja na nusu kwa bibi harusi mmoja. Msimu wa harusi ukichanganya, hana Jumamosi ya kupumzika. Msimu ukikata, anarudi Miyuji kumsaidia mzee Yoramu kupiga rangi mageti, na haoni aibu yoyote kulisema hilo.

"Geti linalipa na halilii," anasema, halafu anacheka mpaka anajifuta macho.

Tukirudi kwa Munira. Tunapotoka sokoni na kufika nyumbani kwao, Area D, matokeo yanaonekana hata kwa mwanamume ambaye hajui wanja unauzwa wapi. Shavu la Dubai limetulia, linang'aa kwa adabu. Shavu la elfu nane limekauka, na Munira akitabasamu linafanya nyufa pembeni ya mdomo.

Bi Zaitun anatupokea mlangoni. Ni mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke wa sauti na bangili, na ndiye aliyeshika usukani wa harusi hii. Anamgeuza mpwa wake kulia, anamgeuza kushoto, anapiga makofi.

"Nilisema mimi! Sikusema? Mnahangaika na jua kutafuta kitu ambacho pesa imeshakijibu!"

"Umeshinda, shangazi," Emiliana anasema. "Ile ya bei ndogo niliipaka nene, kosa langu. Lakini jua na vumbi, praima yako imeyaweza, siwezi kukudanganya."

Ingekuwa harusi nyingine, stori ingeishia hapo na mwandishi angewahi chakula cha mchana. Lakini Munira hajafurahi. Amekaa kwenye kochi, anauchezea ushungi wake.

"Dada Emi," anasema, "na samli ya bibi?"

Sebule nzima inamgeukia.

Katika ukoo huu, wenyeji wa Kondoa, binti haolewi hivi hivi. Akishavishwa na kupambwa, akiwa mlangoni tayari kutoka, mwanamke mzee kuliko wote katika ukoo anachovya viganja kwenye samli na kumpaka mashavuni huku akimwombea dua. Mkono huo ndio lazima uwe wa mwisho kumgusa. Siku hizi mkono huo ni wa Bi Amina, bibi yake Munira, aliyeteremka kutoka Kondoa na kibakuli chake cha bati kilichofungwa kwa kanga.

Samli na mekapu havipatani, kila mtu anajua. Dada mkubwa wa Munira alipoolewa, mpambaji wake alitangaza kwamba asiguswe na mtu. Bibi harusi akapitishwa haraka kuelekea kwenye gari. Bi Amina alibaki amesimama mlangoni, viganja vikimeta kwa samli, dua iko mdomoni.

"Nilikuwa nimeshika pindo la shela, nikageuka," Munira anasimulia. "Nikamwona anajipaka ile samli mikononi mwake mwenyewe. Taratibu, kama mtu aliyekusudia hivyo tangu mwanzo. Mimi siwezi kumfanyia bibi vile. Bora nitoke bila mekapu."

"Bila mekapu, na picha je?" Bi Zaitun anaruka. "Na watu wote wale ukumbini? Unataka waseme tumeshindwa kukupamba? Bibi ataelewa, mama yangu ni mtu mwelewa!"

"Ndiyo maana tunamwonea," Munira anajibu.

Hilo lilimuuma Bi Zaitun, na mwandishi aliliona usoni mwake. Akakaa chini.

Emiliana ndiye anayeuliza swali ambalo katika nyumba ile yenye wanawake wengi hakuna aliyewahi kuliuliza. "Kwani bibi huwa anapaka vipi? Anasugua? Anafuta? Nani amewahi kumwangalia mikono?"

Wanatazamana. Wote walikuwa wakifumba macho wakati wa dua.

Bi Amina anaitwa kutoka chumba cha nyuma. Emiliana anapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayempaka rangi mjukuu wangu?"

"Ndiye mimi. Naomba umpake Munira samli leo, bibi, kama unavyopaka siku yenyewe. Nione."

Bibi anarudi hatua nyuma na kuficha viganja ndani ya kanga. "Hapana, hapana. Nisije nikawaharibia vitu vya gharama. Mimi nimeshazoea, naweza kuomba dua kwa mbali."

Nimezoea! Mwandishi anakiri kwamba neno hilo lilimpata mahali pabaya.

"Bibi, leo tunataka uharibu," Emiliana anambembeleza. "Ukiharibu leo ndiyo nitajua cha kufanya Jumamosi."

Anamnawisha Munira uso na kuanza upya, kwa haki sawa. Kulia, praima ya Dubai. Kushoto, ile ya elfu nane, safari hii nyembamba sana, akiipepea kwa kipande cha boksi mpaka imekauka na kubaki inanata kidogo. Juu yake faundesheni ile ile, poda ile ile, pande zote mbili. Bi Zaitun amesimama mgongoni mwake, anakagua kama msimamizi wa mtihani wa taifa.

Kisha bibi anachovya. Kumbe hasugui! Anachukua samli kidogo tu, anapasha viganja kwa kuvisuguanisha, kisha anavilaza kwenye mashavu ya mjukuu wake na kuviacha pale, vimetulia, huku midomo ikicheza kwa dua. Akimaliza anavibandua kwa upole. Ni kama mtu anayeshika chapati aone kama imeiva.

"Nionyeshe viganja, bibi," anasema Emiliana.

Kiganja kilichoshika shavu la Dubai kimetoka kahawia tupu, na shavu lenyewe limebaki na alama ya mkono. Kiganja kingine ni kisafi, kina samli yake tu. Shavu la elfu nane linang'aa kidogo, kama ngozi ya mtu aliyelala vizuri.

"Laa ilaaha illallah!" Bi Zaitun anashika kiuno.

"Yako ina mafuta mengi, shangazi, ndiyo maana ni laini," Emiliana anaeleza. "Samli ikifika, mafuta yanasalimiana na kuondoka pamoja. Hii nyingine haina mafuta, haina hata mtu wa kumsalimia. Imeng'ang'ana na kazi yake."

"Kwa hiyo yangu ni mbaya?"

"Siyo mbaya. Imepelekwa kwenye ngozi isiyo yake. Munira ana ngozi ya mafuta, na ana samli inamsubiri. Hebu kaa hapa, bibi."

Na kabla bibi hajapata nafasi ya kukataa, praima ya laki moja na themanini inapakwa kwenye uso wake, mkavu kwa miaka mingi ya upepo wa Kondoa. Inazama kama maji kwenye shamba la kiangazi. Bi Amina anajitazama kwenye kioo cha mkononi, anajigusa shavu, anajigusa tena.

"Zaitun," anamwita binti yake, "hiki kidude ulikuwa unamnyima nani?"

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, na Bi Zaitun ndiye aliyecheka kuliko wote. Kichupa kikahamia kwenye mkoba wa bibi, na hadi mwandishi anaondoka hakikuwa kimerudi.

Jumamosi ikafika, na upepo wake. Munira alitoka chumbani kwa gauni la rangi ya maziwa, na watu wakajaa barazani na vigelegele. Mtu mmoja wa kamera, asiyejua habari, akapaza sauti, "Bibi harusi asiguswe tafadhali!" Bi Zaitun akamgeukia. Aliyomwambia gazeti hili haliwezi kuyachapa, lakini mwenye kamera alikaa pembeni.

Bi Amina alisimama mlangoni, uso wake mwenyewe umependeza, kibakuli mkononi. Akapasha viganja. Akavilaza kwenye mashavu ya mjukuu wake. Dua ikawa ndefu kuliko ya siku ya majaribio, ndefu sana, na hakuna aliyemharakisha. Alipotoa mikono, hakuomba radhi kwa mtu na hakuitazama. Emiliana ndiye aliyeitazama, ikiwa safi, kisha akageukia ukutani akajifanya anatafuta kitu kwenye begi lake.

"Mimi huwa silii kazini," alisema baadaye, macho mekundu. "Andika hivyo hivyo."

Sasa Emiliana anatafuta chumba cha kupanga Nkuhungu, aache kuzunguka na begi nyumba hadi nyumba. Anataka kioo kikubwa, dirisha linaloingiza jua la kweli na viti viwili. Cha bibi harusi, na kingine cha yule atakayemgusa siku hiyo, ili mikono yake nayo ipimwe. Mzee Yoramu ameshaahidi kupiga rangi bure, kwa sharti la kujaribu kwanza ukutani.

Tukiwa bado tunazungumza, simu yake inaita. Ni Hilda, binti wa Miyuji anayeolewa baada ya mavuno, anauliza bei na kama kuna praima za kutoka nje.

"Bei tutaongea," Emiliana anamjibu. "Kwanza niambie, siku hiyo nani atakugusa uso?"

Sauti ya Hilda inashuka.

"Baba. Nikilia huwa ananifuta yeye. Ila dada, baba ni fundi gereji, mikono yake haitakati hata akinawa vipi. Nilishamwambia siku hiyo asinisogelee."

"Mpigie sasa hivi," anasema Emiliana. "Mwambie mnakuja wote wawili."