Mawese Kwenye AC ya Gideon

Shemeji yangu Gideon, aliyemuoa dada yangu Recho, ana ugonjwa mmoja usio na sindano: hawezi kuomba msamaha. Miaka ishirini nimemjua. Hata alipomkanyaga mchungaji mguuni, alimwambia mchungaji ndiye autoe mguu.

Anaendesha Noah iliyochoka, na kazi yake ilikuwa kupeleka migebuka wabichi wa Mama Yunisi kutoka mwalo wa Kibirizi hadi Kasulu. Barafu ikawa inayeyuka njiani, samaki wanafika wamelegea kama soksi. Mama Yunisi akamwambia bila kupepesa macho, "Jumamosi wakiharibika tena, natafuta gari lingine." Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inapika ugali wa dada yangu.

Gideon akaamua kuigeuza Noah kuwa friji. Wazo lenyewe halikuwa baya, nakiri huku linaniuma. Aling'oa viti vya nyuma, akaunda sanduku la mbao, akalivisha godoro na nailoni, kisha akaunganisha bomba la maji la plastiki na tundu la AC la nyuma ili baridi yote iende kwa samaki. Dereva ajipepee mwenyewe. Tatizo, katika kupindapinda akafungua mpira usiofunguliwa. Ukapiga mluzi, gesi ikatoka na oili ikamwagika. Gesi nyingine aliipata. Oili ya kompresa, ile pampu ya AC, alikuwa nayo mtu mmoja tu mjini: Feliksi, fundi friji wa Mwanga.

Na Feliksi ndiye ambaye Gideon alimwita, msibani, mbele ya watu, "fundi wa kupiga friji makofi."

Nilimsindikiza. Ningekosaje?

"Oili ipo," Feliksi alisema, kichwa hakuinua. "Msamaha kwanza. Hapa hapa, kwa sauti."

"Nikuombe msamaha wewe? Friji ya mama mkwe wangu uliitengeneza ikawa kabati!"

"Basi katie mate."

Hakutia mate. Kesho yake nilimkuta uani kwake Ujiji ameshika chupa ya mawese.

"Shemeji, hayo si ya maharage?"

"Wewe uliyeishia darasa la nne unajua nini? Mafuta ni mafuta. Babu yangu alilainishia baiskeli haya haya, akaenda Kasulu na kurudi."

Sasa sikilizeni darasa la nne. Asubuhi ya baridi mawese huganda chupani mpaka uyaanike juani ndipo yamiminike. Mtoto yeyote wa huku anajua, na mimi nilijua. Nilishafungua mdomo nimwambie, lakini kwa kuwa kanitajia darasa, nikaufunga.

"Mimina, msomi," nikasema.

Jumamosi nikaomba lifti, nisihadithiwe; Mama Yunisi naye akapanda, alinde samaki wake. Mwanzoni baridi ilikuja kweli, Gideon akaanza kupiga miluzi. Kabla ya kufika Kidahwe kompresa ikalia kama mbuzi aliyekabwa, mkanda ukatoa moshi, na lile bomba likaanza kuwapulizia samaki joto. Gideon akasimamisha gari, akalegeza mpira kwa spana. Ndani mlikuwa na uji mwekundu, umeganda.

Mama Yunisi akachovya kidole, akanusa.

"Gideon. Samaki wangu umewawekea mchuzi kabisa?"

"Ni barabara, mama. Mashimo."

"Mashimo yako kichwani mwako!"

Akasimamisha pikapu iliyokuwa inapita, akahamisha samaki wote. Kabla hajapanda akamgeukia. "Nakuhurumia kwa ajili ya Recho. Jumatatu twende kwa Feliksi. Umwambie samahani nikisikia, aitengeneze hiyo mashine, na kazi inabaki yako."

Jumatatu tukasimama mbele ya Feliksi. Gideon jasho linamtiririka, na kulikuwa na mawingu.

"Feliksi," akasema.

"Naam, nasikiliza."

"Mimi..." Akautazama mkebe wa oili mezani. "Mimi nauliza, huo mkebe umeununua au umeuiba?"

Mama Yunisi hata hakungoja jibu. Aliondoka, na tangu siku hiyo samaki wake hupanda gari la mtu mwingine.

Jioni dada yangu akamwambia, "Mume wangu, neno moja tu lilikushinda?"

"Neno hilo hata wewe hujawahi kuniambia," Gideon akajibu.

Recho akanyanyua sahani yake, akaenda kula peke yake jikoni. Wanakula mbalimbali mpaka leo.