Beki wa Kushoto wa Kisondela

Saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili jioni ukungu ulishuka uwanjani. Najua kwa sababu niliandika. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, kipindi cha pili, bao moja kwa moja, na timu yetu ilihitaji sare tu ili ibaki daraja la kwanza. Tukifungwa tunashuka. Maoni yangu wakati ule, na sijayabadilisha, ni kwamba timu ya mji mdogo kama Tukuyu ikishuka haipandi tena.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani mabichi ya chai. Kazi yangu ilikuwa kupima na kuandika, na tabia hiyo niliipeleka uwanjani. Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambamo niliandika nani kacheza, nani katolewa, kona ngapi, bao limefungwa kwa mguu gani. Watu walinicheka, lakini ubishi ukizuka walikuwa wakituma mtu aje kuniita, na nilichosoma ndicho kilichomaliza ubishi.

Nilikuwa na maoni machache kuhusu timu yetu. La kwanza, tulikuwa bora kwenye tope. Wachezaji wa pwani wamezoea mpira unaokimbia; kwetu mpira hukwama, na anayeshinda ni yule anayejua utakwama wapi. La pili, nguvu yetu ilikuwa upande wa kushoto. La tatu, biashara huria ilitujazia maduka na ikatupunguzia timu. Zamani chama cha ushirika kilitoa lori, wakulima wakatoa ndizi na maziwa, na wachezaji wakaridhika. Ilipokuja ruksa, madirisha ya maduka yalijaa sabuni na redio, na timu kubwa za Dar es Salaam zikapata matajiri. Kila msimu ulipokwisha mjumbe wao alipanda huku milimani na kurudi na mchezaji wetu mmoja, kwa bei ya godoro na redio kaseti.

Aliyekataa mara mbili alikuwa mmoja tu, beki wetu wa kushoto, mtu wa Kisondela. Alisema migomba yake haihamishiki. Alikuwa mfupi, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, na alipokuwa akingoja kona alishika pindo la bukta kwa mkono mmoja kama mtu anayetaka kuvuka mto. Alikufa kwenye masika kabla ya mechi hii ninayoisimulia, homa ya siku nne. Tulitandaza jezi yake namba tatu juu ya jeneza, ile ya zamani, namba yake imeshonwa kwa mkono kwa kitambaa cheupe. Baada yake watu watatu walijaribiwa nafasi ile. Kwenye daftari niliandika maneno mawili kwa mechi tano mfululizo: kushoto wazi.

Turudi kwenye ukungu. Ukungu kwetu si habari. Lakini ule ulishuka bila upepo, mweupe na mzito, ukala kwanza goli la upande wa soko, kisha duara la kati, kisha watu. Mwamuzi alisimamisha mpira, akatazama huku na huku, akapuliza mchezo uendelee. Kuanzia hapo tuliusikia mpira zaidi ya kuuona. Sauti za wachezaji zilitoka mahali ambapo hapakuwa na wachezaji.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli letu, hatua sita kutoka wavuni. Saa kumi na moja na dakika thelathini na moja wageni walipata kona. Watu wetu wote walirudi kulinda, na kwa kuwa walikuwa karibu niliwahesabu kama ninavyohesabu vikapu, kwa ncha ya kalamu. Kipa, jezi ya njano, mmoja. Jezi za kijani, kumi na moja. Nilirudia kutoka kulia kwenda kushoto. Kumi na moja tena. Pamoja na kipa, kumi na wawili.

Wa mwisho alikuwa kwenye nguzo ya kushoto, amenipa mgongo. Bega moja limeshuka. Mkono umeshika pindo la bukta. Namba mgongoni ilikuwa tatu, na haikuwa ya kuchapwa kama zile za jezi mpya. Ilikuwa ya kitambaa.

Kona ilipigwa. Kipa aliruka akaukosa mpira. Mtu wa nguzo ya kushoto alipiga hatua moja akautoa kwa kichwa juu ya mstari, na wote wakaufuata, wakayeyuka.

Kando yangu alisimama muuza nyama wa sokoni, mtu aliyekuwa ametukana tangu saa kumi bila kupumzika. Kisha akaniambia polepole, bila kunitazama:

"Karani, umemwona?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Wewe andika tu."

Ukungu ulipoanza kunyanyuka, dakika tano kabla ya mwisho, nilihesabu tena. Walikuwa kumi na mmoja pamoja na kipa. Mpira uliisha bao moja kwa moja. Nilimuuliza kipa kama aliona chochote. Alifikiri, akasema hakuona kitu, ila kwa muda fulani alijisikia salama upande wa kushoto, jambo ambalo hakulijua tangu masika.

Siku nne baadaye tulipata habari kwamba wageni wamekata rufaa. Walidai tulicheza kumi na wawili. Wakishinda, wanapewa pointi zetu, nasi tunashuka. Mwenyekiti wa timu alikuja kituoni nikiwa mbele ya mizani. Alikuwa mfanyabiashara wa mitumba. Jezi zetu mpya zilitoka kwenye robota moja alilofungua yeye, na zilizobaki aliziuza sokoni.

"Karani, utaitwa Mbeya," alisema. "Wageni wamesema tuna mtu anayeandika kila kitu. Uliona wangapi?"

"Kumi na wawili, Mwenyekiti."

"Kwenye ukungu ule? Mimi mke wangu alikuwa ubavuni nikamwita shemeji."

"Nilihesabu mara mbili."

"Basi ni mlevi mmoja kanunua jezi yangu sokoni akajitosa. Daftari lako lina panya?"

"Halina."

"Lipate panya." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Ndugu yangu, mji mzima uko kwenye hilo daftari. Fikiri."

Nilifikiri. Mlevi angeweza kununua jezi. Asingeweza kununua namba ya kushonwa. Jumapili baada ya ibada nilishuka Kisondela kwa miguu kuuliza jezi ile ya zamani iko wapi, kwa kuwa nilidhani imezikwa.

Mama wa marehemu alikuwa akianika maharage uani. Nilimsalimu kwa Kinyakyusa, ugonile, akajibu ndaga, akanipa kigoda. Kaburi lilikuwa pale pale kati ya migomba, udongo umeshatulia. Msalaba ulikuwa wa mbao na haukuwa na jina.

"Jezi ipo," alisema. "Siku ya kumaliza matanga tulimvika mrithi."

Desturi hiyo naijua, nimezaliwa nayo. Kwetu mtu akifa, ndugu yake huwekwa mahali pake mbele ya ukoo. Huchukua shamba lake, watoto wake, kiti chake, na jina lake. Kanisani hawaipendi, lakini waumini wanaifanya, kisha wanakwenda kanisani. Mrithi alikuwa mdogo wake, seremala mkimya ambaye sikuwahi kumwona akigusa mpira. Nilipokumbuka mwili wake, alikuwa mrefu na amenyooka.

Alitokea nyuma ya nyumba amebeba mkungu wa ndizi. Aliutua. Bega la kushoto lilibaki chini.

"Karani," alisema, "siku nyingi. Lile bao la kule Masukulu bado umeliandika la bega?"

Miaka mitatu nyuma tulicheza mechi ya kirafiki Masukulu, na beki wetu wa kushoto alifunga kwa kona. Niliandika: bega. Wakati wa kurudi, juu ya lori, alininong'oneza kwamba ilikuwa kichwa na kwamba namwonea. Tulikuwa wawili pembeni, wengine wakiimba. Sikumwambia mtu yeyote, na sikulisahihisha.

"Bado," nilisema.

"Ilikuwa kichwa."

Nilishika kazi iliyonileta. "Siku ya ukungu uliingia uwanjani saa ngapi?"

"Sikuingia. Nilikuwa kwenye nafasi yangu."

"Alikuwepo mwingine kwenye nafasi hiyo."

"Huyo alikuwa mbele mno," alisema. "Uliandika mwenyewe. Kushoto wazi."

Daftari langu hulala kabatini, na ufunguo huwa mfukoni mwangu. Nilimtazama mama. Alikuwa anachagua maharage, anatupa mabovu.

"Mama," nilisema, "na yule mdogo? Yule seremala? Jina lake nimelisahau."

"Yule hatunaye tena, mwanangu," alijibu, bila huzuni ya pekee, kama mtu anayetaja jambo ambalo kila jirani analijua.

Mtu aliyesimama mbele yangu alitikisa kichwa kukubali. Nilitazama msalaba usio na jina. Niliaga. Njiani nilijaribu kukumbuka sura ya yule seremala na nilishindwa, na mpaka leo nashindwa. Nimeuliza watu wawili waliosoma naye. Wananieleza sura ya kaka yake.

Mbeya tulikwenda Jumatano, mimi na mwenyekiti, ndani ya pikapu yake iliyojaa marobota. Daftari lilikuwa magotini mwangu. Nilikuwa nimeamua kujibu kila nitakachoulizwa na si zaidi.

Kamati ya rufaa ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mjumbe wa wageni alikaa kulia. Mkuu wa kamati aliniuliza:

"Siku ile ulihesabu wachezaji wangapi wa timu yako?"

"Kumi na wawili."

Mjumbe wa wageni alitabasamu. Mwenyekiti wetu aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Huyo wa kumi na mbili unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Mtaje."

Nilitaja jina analoitwa kwao. Karani wa kamati aliteremsha kidole kwenye orodha ya wachezaji walioandikishwa, kikasimama. Alimsogezea mkuu karatasi. Mkuu alisoma kwa muda mrefu kuliko jina lile lilivyohitaji.

"Hapa pameandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba amefariki."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na wewe unasema alicheza."

"Nasema jina la niliyemwona. Aliokoa mpira kwa kichwa juu ya mstari, saa kumi na moja na dakika thelathini na moja."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Huyu amelewa," alisema mjumbe wa wageni.

"Ni shahidi wenu," mkuu alimjibu. "Ninyi ndio mliomwita. Ninyi mna jina jingine la kutupa?"

Hawakuwa nalo. Walikuwa wameona jezi tu. Hakuna aliyeniuliza kama marehemu alikuwa na ndugu. Ningeulizwa, ningesema yote. Nilikuwa nimejiandaa kusema, na sina hakika ningeanza na neno gani. Tulitolewa nje robo saa. Waliporudi kutuita walisema ushahidi haumthibitishi mchezaji yeyote aliye hai, na rufaa imetupwa. Tulibaki daraja la kwanza.

Ndani ya pikapu mwenyekiti alicheka hadi akalazimika kuegesha pembeni ya barabara.

"Karani, sijawahi kusikia uongo mkubwa hivyo, tena kwa uso mkavu."

"Sikusema uongo."

Alinitazama. Kicheko kilimwishia taratibu. Kisha aliwasha gari, na tukapanda kuelekea nyumbani na taa zimewashwa, maana ukungu ulikuwa umeanza kushuka.

Wageni hawakurudishiwa dhamana ya rufaa. Walipoteza shilingi elfu kumi na tano.