Kiyoyozi cha Kumfikisha Baba Ipililo

Safari hii ilitokana na machozi ya shangazi Minza. Mara ya mwisho nilipompeleka baba kwake Ipililo, wilayani Maswa, jua lilikuwa kali, na tangu apate kiharusi, joto likimzidi baba sauti humkauka kabisa. Shangazi alimsalimia, akangoja, akamsalimia tena. Baba alimtazama tu. "Mdogo wangu hanijui tena," shangazi akasema, akaingia ndani kulia. Baba alimjua vizuri sana. Tuliporudi nyumbani kwetu Migato, baba alisusa chakula, nami nikaapa kumrudisha kwa dada yake akiwa na sauti.

Baba hawezi kukaa kitini muda mrefu, kwa hiyo husafiri amelala katika gari-nyumba letu, gari kuukuu lenye kitanda, jiko na madirisha yaliyogoma kufunguka. Baba aliachiwa gari hilo na wageni aliowaendesha miaka mingi. Kiyoyozi chake cha juu ya paa kilikuwa kimekufa.

Asubuhi, Bariadi. Tuliingia kwa fundi Mabula, mtaa wa Somanda, bodaboda zikitupisha kwa kununa. Nilikuwa nimempigia simu mapema, naye alikuwa ametutafutia viyoyozi viwili vinavyoenea kwenye tundu la paa letu. Kimoja kilikuwa kikubwa, kilichong'olewa kwenye gari kama letu, kinachotaka jenereta. Kingine kilikuwa kipya, kidogo, cha kutumia betri.

Mimi ni mtu wa vitu vikubwa. Hata sufuria yangu ya uji majirani huiazima kwa misiba. "Funga hicho kikubwa," nikasema kabla sijazima injini.

"Tujaribu kwanza, dada," Mabula akasema. "Atakayelala humo ni mzee, si wewe."

Akaweka mbao kuimarisha paa, akakipandisha kile kikubwa, akawasha jenereta. Raha iliyoje! Baridi ilishuka mpaka nikajifunga khanga mabegani. Baba alikuwa kitandani, midomo ikimcheza, nikadhani anasali kushukuru. Nilikaa pale nikijipongeza mpaka Mabula alipozima.

"Nkwimba," baba akasema kwa ile sauti yake nyembamba, "nimekuita mpaka nimechoka. Mguu wangu umebanwa na mto."

Niliona aibu. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kumgusa, na kwa ngurumo ile sikusikia hata neno moja.

Kile kidogo kilichukua muda mrefu kupoza, lakini baba alipouliza kama kuna chai, nilimsikia nikiwa mlangoni. Mabula alikuna kichwa. "Mimi nisikudanganye. Jua la mchana, hiki kidogo hakiliwezi. Kikubwa kitamfikisha."

"Kitamfikisha bubu?" nikauliza. "Safari nzima simsikii akiomba maji?"

Tulichagua kidogo. Mabula alikifunga, akapaka paa lote rangi nyeupe kupunguza joto. Moyoni nilikuwa na hofu, kwani kama nimekosea, shangazi angelia tena.

Barabara ya Maswa. Asubuhi iliyofuata tuliondoka mapema, baba akitaja wenye mashamba ya pamba tuliyoyapita. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo kiyoyozi kilivyoanza kushindwa, na maneno ya baba yakawa mafupi. Kisha yakakoma. Niliingiza gari kwenye kivuli cha ghala la pamba. Mlinzi, mama wa makamo, alitoka kutufukuza, akachungulia ndani, akarudi na ndoo ya maji ya kumwagia paa. Tulikaa hapo mpaka jua likapoa.

Ipililo, jioni. Shangazi alisimama mlangoni mwa gari bila kupanda. Alinisalimia mimi, akanipa pole ya safari. Shangazi hakumsalimia baba. Nadhani aliogopa. Mimi nilikuwa naogopa zaidi.

"Mwadila, ilumbu lyane," baba akasema.

Hiyo ndiyo salamu ya jioni kwa lugha yetu, na ilumbu lyane ni dada yangu. Shangazi alipanda garini. Akainama hadi nyuso zao zikakaribiana.

"Mimi nani?"

Baba alivuta pumzi. "Minza. Uliyekuwa unakunywa maziwa machungani, halafu nachapwa mimi."

Shangazi alikaa sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka. "Nilijua hujasahau!" akasema. "Mwadila, mdogo wangu. Mhola?"

"Mhola duhu," baba akajibu. Salama tu.

Waliongea mpaka maziwa mgando tuliyoletewa yakasahaulika.

Kurudi Migato. Mabula alipiga simu kuuliza kama kiyoyozi kinapoza. Nikamwambia kinapoza kiasi chake, na sikibadilishi. Nilikwenda Bariadi kutafuta baridi, kumbe mgonjwa wangu alihitaji zaidi kusikika. Baba alikosoa uendeshaji wangu kutoka Ipililo mpaka mlangoni kwetu, gia, breki na kona, nami nikasikia kila neno.