Kiyoyozi cha Chumba cha Mama Mkwe

Mtaani walimwita Kimya, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, kwa kuwa kulikataa kungemlazimu aseme. Alikuwa fundi wa majokofu na viyoyozi, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mikono imejaa makovu madogo ya kuchomea mabomba ya shaba. Mteja akimweleza shida ya mashine yake, Kimya huitikia kwa kichwa, hufungua mfuko wa vifaa, hupiga magoti. Akimaliza husema, "Tayari." Wateja walimpenda kwa hilo. Mafundi wengine, walisema, wanatengeneza kwa mdomo.

Kulikuwa na swali moja tu lililomfungua ulimi. Mtu akimuuliza, "Fundi, nitengeneze hii au ninunue mpya?" Kimya huweka spana chini na kujibu kama mwalimu. "Imevuka miaka kumi? Gesi imepungua mara mbili ndani ya mwaka? Basi nunua. Ukitaka nitengeneze, acha kwanza nitafute inapovujia. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anatwanga maji."

Kiyoyozi cha nyumbani kwake kilikuwa na miaka kumi na miwili, na kila msimu wa joto ulipoanza alikiongezea gesi.

Kilikuwa kimefungwa katika chumba cha nyuma, na alikifunga mwenyewe enzi hizo chumba kikiwa cha watoto. Watoto walikua wakaenda zao, chumba kikabaki na vitabu vilivyochanika na kitanda kimoja. Ndipo mama mkwe akaja. Alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule usiopenda joto wala baridi. Hewa ikipanda, miguu yake ilikufa ganzi na ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Hewa ikishuka, viungo vilikaza. Daktari alisema chumba kikae katika hali moja mwaka mzima, na mashine ile ilipoza na kupasha pia, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Mama alilazwa pale, kabati lake kubwa la mbao likasukumwa ukutani, chini ya kiyoyozi, na kwa miaka minane hakikuzimwa.

Katika miaka hiyo minane Kimya hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba kile.

Si kwamba hakupita mlangoni. Kila asubuhi alisimama nje ya pazia na kusema, "Shikamoo mama," na sauti ikajibu, "Marahaba, fundi wangu." Lakini kuingia chumba cha mkwe, mahali anapolala, anapogeuzwa na kuoshwa, hilo alilionea haya mpaka masikio yakamwaka moto. Mwingine angekohoa, akangoja mama afunikwe vizuri, akaingia na mfuko wake. Kimya alikuwa mtu wa kuona haya hata kuomba chumvi mezani.

Kwa hiyo alibuni njia yake ya kufanya kazi. Vichujio vya ndani alivitoa mke wake, akampa dirishani, Kimya akaviosha uani na kumrudishia. Gesi aliiongezea nje, kwenye lile boksi la ukutani lenye feni. Viungo vya mabomba vya nje alivipaka povu la sabuni, akakodoa macho kutafuta viputo, asione. Kisha alisogea dirishani na kugeuza uso upande mwingine.

"Mama, hewa inakuja?"

"Inatosha, fundi wangu."

"Ni ya baridi?"

"Inatosha kabisa. Kapumzike."

Mkewe alizoea kumtania. "Mashine yako mlevi. Kila mwaka unainywesha, kila mwaka ina kiu."

"Inavuja kidogo tu," Kimya hujibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka huu joto lilikuja mapema na kwa fujo. Mabati ya jirani yalilia mchana kutwa. Kimya aliongeza gesi, na baada ya siku tano hewa ikawa vuguvugu. Akaongeza tena. Siku ya tatu baada ya hapo boksi la nje likatoa mlio kama wa mtu anayekabwa, swichi kubwa ya nyumba ikajikata. Alipima kwa mita, akakuta kile alichokitarajia: kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imeungua ndani. Gesi ndiyo inayoipoza, na ilikuwa imefanya kazi na gesi pungufu kwa muda mrefu mno.

Mkewe alisimama mlangoni na beseni la maji. Tangu asubuhi alikuwa akilowesha shuka na kumfunika mama.

"Baba watoto, hebu niambie kama unavyowaambia wateja. Inatengenezeka au tununue?"

Kimya alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Inatengenezeka."

"Ina miaka mingapi?"

"Niache nifanye kazi, mama watoto."

Jumamosi akafika shemeji, kaka wa mkewe. Alikuwa mkandarasi wa majengo, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu juu ya ghorofa. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akakaa kitandani, akamshika miguu. Alipotoka alikuwa na jasho mpaka kwenye mkanda, na hakuwa na utani usoni. Ila utani alikuwa nao mdomoni, hakuwahi kuukosa.

"Shemeji! Mashine hii ingekuwa mtu ingeshabalehe. Bado unaibembeleza tu?"

Kimya alitabasamu kwa adabu.

"Sikiliza. Naenda dukani sasa hivi. Niambie tu ya aina gani, kubwa kiasi gani. Jioni mama analala kwenye baridi."

"Usisumbuke, shemeji."

"Nasumbuka nini? Ni mama yangu."

"Nimepata kompresa, imetoka kwenye mashine nzima iliyong'olewa katika ofisi moja. Kesho kutwa itakuwa tayari."

"Kompresa kuukuu juu ya mashine kuukuu." Shemeji alimgeukia dada yake. "Na wewe unakubali?"

Mke wa Kimya aliutazama uso wa mumewe. Aliona jinsi alivyoshika spana, kwa mikono yote miwili. "Fundi ni yeye," alisema.

"Haya. Kesho kutwa." Shemeji alishusha sauti, na aliposhusha sauti ilikuwa mbaya kuliko alipopaza. "Lakini tusidanganyane. Nimeshaongea na ile nyumba ya kutunzia wagonjwa kule mjini kwetu. Nafasi wanayo. Chumba hiki kikishindikana, namchukua, na akishaingia kule harudi. Siwezi kuwa nambeba huku na huku kama kreti ya soda."

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya mama ilisikika, nzito, ikikokota maneno. "Mimi siendi. Nina fundi hapa."

Maneno hayo yalimwingia Kimya kama kinywaji kikali. Ulikuwa wakati wa kusema, "Shemeji, nunua." Maneno mawili. Hata leo anayajua. Lakini alikwishawaza mashine mpya ikiletwa na gari la duka, mafundi wa duka wakishuka na ngazi, majirani wakiuliza, kwani pale si kwa Kimya? Akawaza pia kwamba ya kwake lazima ishushwe, na kuishusha ni kuingia mle ndani, mbele ya mama vile alivyo. Akainama, akaanza kufungua boliti za boksi.

Alifanya kazi Jumapili na Jumatatu juani, bila kofia. Kompresa aliichomea vizuri, hakuna aliyeweza kumlaumu kwa kuchomea. Kisha akajaza mabomba hewa ya majaribio, akafunga geji ya kupimia msukumo, akakaa juu ya ndoo kuangalia mshale. Mshale wa geji usipotikisika kwa saa nzima, mashine haivuji. Hilo alilijua tangu ujana wake.

Baada ya saa moja mshale ulikuwa umeshuka. Si sana. Upana wa ukucha.

Kimya aliuangalia. Akapaka povu viungo vyote vya nje, kimoja kimoja, kama miaka yote. Hakuna kiputo. Basi palibaki ndani, viungo viwili vilivyo chini ya mashine, nyuma ya kabati. Alisimama dirishani akasikia mkewe akimgeuza mama, na mama akiguna kwa maumivu. Alijua anachotakiwa kufanya: kubisha hodi, kusema samahani, kusukuma kabati, kupaka povu. Dakika kumi.

"Itakuwa geji," alijiambia. "Geji yenyewe ya zamani."

Akaitoa hewa, akajaza gesi, akawasha. Jumatatu jioni chumba kilikuwa baridi. Mama alikunywa uji wote, akauliza habari za wajukuu, ulimi mwepesi. Mke wa Kimya alikaa ukumbini akalia kidogo, kilio cha mtu aliyetua mzigo. "Samahani," alimwambia mumewe. "Kwa muda nilitilia shaka."

Kimya akatoka uani kukusanya vifaa vyake.

Alhamisi hewa ikawa vuguvugu. Ijumaa asubuhi mashine ilikuwa ikipuliza joto tupu, na saa sita mchana ile kompresa ya pili ikakwama. Mama aliishiwa nguvu ya kumeza. Maji aliyonyweshwa yalirudi yakimtoka pembeni mwa mdomo, kisha yakaenda njia isiyo yake, akapaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Wakambeba kwenye shuka kwenda hospitali, mkewe kichwani, jirani miguuni. Kimya alitembea ubavuni na kiatu kimoja cha mama mkononi.

Daktari aliyemwona hakugomba. Alisema tu kwamba maji yameingia kwenye mapafu, kwamba atapona hilo, lakini miguu haitarudi ilipokuwa, na kwamba mgonjwa kama huyu hawezi kukaa mahali ambapo chumba hakiaminiki. Shemeji, aliyepigiwa simu akaja, alisikiliza huku amekunja mikono. Hakumtukana Kimya, hakumtupia hata utani. Wiki iliyofuata alimtoa mama hospitalini, akampeleka mjini kwao, safari ya siku nzima.

Siku mbili baadaye Kimya alivuka kizingiti.

Chumba kilinukia sabuni na dawa ya kuchua. Kitandani palikuwa na shimo dogo la mwili, upande wa dirisha. Alisukuma kabati. Nyuma yake, kutoka chini ya mashine mpaka karibu na sakafu, ukuta ulikuwa na mchirizi wa mafuta, mweusi juu, wa kahawia chini, wa miaka mingi. Gesi ikivuja hutoka na mafuta ya kompresa. Fundi wa mwezi mmoja angeuona akasema hapa. Alinyoosha mkono akashika nati ya kiungo. Ilizunguka kwa vidole. Hakuhitaji hata spana.

Ilikuwa nati aliyoikaza mwenyewe, miaka kumi na miwili nyuma.

Mkewe alikuja mpaka mlangoni, akaona ukuta.

"Ni nini hiyo?"

"Ndipo ilipokuwa inavuja."

"Ilikuwa inahitaji nini?"

"Kukazwa."

"Kukazwa tu?"

"Kukazwa tu."

Aliuangalia ule mchirizi kwa muda, kisha akamwangalia yeye, kwa namna mtu anavyomwangalia mgeni anayeuliza njia. "Ningekuomba uingie, ungeingia?"

"Sijui."

"Na mimi sikuomba," alisema, akaenda jikoni. Vyombo viligongana huko, kisha vikanyamaza.

Simu ililia adhuhuri. Muuguzi wa ile nyumba alisema mama anataka kuongea, na anayemtaka ni fundi, si binti yake. Mkewe alimpa simu bila kumtazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Pumzi ndefu. "Fundi wangu. Imepona?"

Kimya aliegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane waliongea bila pazia kati yao, na maneno yakamtoka.

"Haijapona, mama. Imekufa. Kosa ni langu. Kulikuwa na nati ndani, nyuma ya kabati lako. Ningeingia siku moja ningeiona. Sikuingia."

Alisikia gari likipita upande wa pili wa simu.

"Kwa nini hukuingia?"

"Niliona haya, mama. Kwa kukuheshimu."

"Heshima," mama alisema, akilivuta neno taratibu, silabi kwa silabi. "Siku nyingine nilifikiri ni heshima. Siku nyingi nilifikiri ni kinyaa. Harufu yangu." Akapumua. "Ndiyo maana nilikuwa nasema inatosha. Haikuwa inatosha, mwanangu. Nilisema nisikusumbue."

Kimya alifungua mdomo. Maneno ya mtu mwingine yeyote yangekuja hapo, hata ya uongo, hata ya hovyo. Kwake hayakuja. Alisikia simu ikichukuliwa, na sauti changamfu ya muuguzi ikisema bibi amechoka, mpigieni wiki ijayo.

Mkewe alikuwa amesimama mlango wa jikoni na taulo la vyombo.

"Amesemaje?"

Kimya alimrudishia simu.

"Amechoka," alisema.