Mpini wa Kisu cha Shemeji

Mtaani walimwita Bi Randa, maana tangu baba yake afariki, sauti ya randa haikukoma katika karakana aliyomwachia. Baba ndiye aliyemfundisha useremala, na ndiye aliyemvunja pua. Mzee alikuwa na mkono mwepesi. Akipandwa na hasira, chochote kilichokuwa karibu kiliruka. Bi Randa alikua akijitia katikati ili mdogo wake wa kike asiguswe.

Mdogo huyo akaja kuolewa na muuza nyama, bonge la mtu, mcheshi wa kuvunja mbavu mbele za watu.

Asubuhi moja shemeji aliingia karakanani, akatupa kisu mezani. Kilikuwa kirefu, kimenolewa mpaka kikakonda, na mpini wake ulikuwa umepasuka.

"Shemeji, nitilie mpini mwingine. Naondoka nacho sasa hivi."

"Huu umepasukaje?"

"Kichwa cha mdogo wako kigumu, we acha tu!" Akacheka.

Bi Randa alidhani utani. Alikibana kisu kwenye jiriwa, akauchokoa mpini wa zamani kwa patasi. Ndani ya ufa akakuta unywele mrefu, umegandamana na damu.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza, akichagua kipande cha mti mgumu, kana kwamba ni maneno ya kupitisha muda.

"Nimemfungia ndani. Eti kanichoka, anataka kuondoka na mtoto! Nikitoka hapa atanijua mimi ni nani."

Bi Randa akatoboa tundu kwenye kile kipande, akakitoa kisu kwenye jiriwa, akauchomeka ule mkia wa chuma tunduni na kuugonga mara moja tu. Gundi hakutia. Akaweka nyundo chini.

"Kisu hukipati, shemeji. Na funguo za nyumba nipe."

Kofi lilimwangusha kwenye maranda. Alipoinua macho, shemeji alishakinyakua kisu na anamjia. Akakwapua kiti alichokuwa hajakimaliza, akajikinga nacho. Ncha ikagonga ubao. Ule mpini ukapasuka vipande viwili, na kiganja cha muuza nyama kikateleza juu ya makali kwa nguvu zake zote mwenyewe. Vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi.

Hata hivyo shemeji alimpiga teke la mbavu. Bi Randa akamtandika na kile kiti magotini, kisha mgongoni, kisha popote, mpaka kiti kikabaki mguu mmoja. Angemuua, kama fundi cherehani wa jirani hangemkumbatia kwa nyuma akipiga kelele, "Basi, mama! Basi!"

Alichomoa funguo mfukoni mwa shemeji, akakimbia. Alimkuta mdogo wake amekaa sakafuni, kichwa kimefungwa shuka lililolowa damu, mtoto amelala mapajani.

"Mume wangu yuko wapi?"

Aliposimuliwa, alisimama akamzaba dada yake kibao. "Umemlemaza! Sasa nani atakata nyama, wewe?" Akabeba mtoto, akaenda hospitali kumuuguza mumewe.

Bi Randa alirudi kazini. Kwa wiki kadhaa alipiga randa kama anayechuna ngozi ya mtu.

Kisha alasiri moja mdogo wake akatokea mlangoni na mtoto mgongoni, meno mawili hayapo.

"Dada, kajifunza kutumia mkono wa kushoto."

Bi Randa alisogeza mbao, akatandika godoro.

Muuza nyama alifika siku ya pili, akitukana tangu barabarani. Safari hii mkewe ndiye aliyetoka, na sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka, akammwagia yote kifuani. Jitu zima likajigaragaza mtaroni, likimwita mama yake. Lilipopona lilihama na bucha lake.

Siku hizi mdogo mtu hupiga msasa meza za dada yake, na mkono wake ni mzuri. Ila ubao ukianguka ghafla, hushika kichwa kwa mikono miwili, na Bi Randa huacha kazi mpaka mdogo wake atakapoiteremsha.